Mume wangu aliniachia gemu za kibanda. Mnada wa mtandaoni umenishinda

Salamu nyingi, Mjomba.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kisumu, nauza mitumba Kibuye. Mume wangu alikuwa na kibanda cha gemu Kondele kwa miaka tisa. Alifariki mwaka jana. Kodi ya kibanda ilinilemea, nikafunga, nikabeba kila kitu nyumbani: mashine za PlayStation, yaani PS4 mbili, PS3 mbili na PS2 moja, pedi za kuchezea kumi na kitu, CD zaidi ya sabini (nyingi za mpira, nyingine hazina kava), na kifuko cha kaseti ndogondogo za Nintendo. Hizo kaseti shemeji yangu aliyeko Ujerumani alimletea marehemu miaka ya nyuma, wakiwa na mpango wa biashara ambao haukufika popote.

Nikaambiwa kuna kikundi cha Facebook ambako watu hunadi gemu kwenye maoni. Nikatandaza vitu vyote kitandani, nikapiga picha moja, nikaandika: "Gemu na mashine zote zinauzwa, bei inaanzia 500, mnada unafungwa saa sita usiku." Kijana wa dada yangu akasema atanisaidia kupandisha bei kwa kujifanya mnunuzi. Watu wakapanda hadi 21,000, yeye akataja 22,000, wote wakanyamaza. Akashinda yeye. Nilipowatafuta wale wengine inboksi, ni mmoja tu aliyejibu, akasema hashindani na jamaa za mwenye mali.

Mara ya pili nikanadi PS3 moja peke yake. Mshindi akataka tukutane stejini saa mbili usiku. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, shilingi 7,000, na jina lake. Nilikuwa nimeshamkabidhi mfuko, konda anayenifahamu akaniambia niangalie salio kwanza. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi. Yule kijana akaangusha mfuko akatoweka.

Mara ya tatu nikamuuzia mtu wa Bungoma CD moja ya PS4 kwa 1,500, nikaituma kwa basi. Siku mbili baadaye akasema inakwama katikati, nimrudishie pesa. Nikakataa, kwani nitajuaje kama hakuikwaruza yeye? Sasa ameandika kwenye kikundi kwamba mimi ni tapeli.

Mwenye duka mmoja mjini ameniambia atanipa 18,000 kwa kila kitu, lakini niamue kabla ya Ijumaa. Karo inayonisumbua ni 12,000 na shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Kijana wangu wa miaka 14 hataki PS4 moja iuzwe, na ukimuuliza sababu hasemi, anatoka nje. Shemeji naye anasema kaseti zile zinaweza kuwa na bei nzuri Ulaya.

Nichukue hiyo 18,000 nipumzike? Au mnada una siri ambayo mimi siijui?

Mama wa Kibuye, Kisumu

*

Mpwa wangu,

Pole kwa msiba, Mungu amlaze pema baba watoto. Na pole kwa hayo ya stejini. Ningekuwa karibu ningemtafuta konda huyo nimnunulie chai.

Jibu la swali lako la kwanza: usichukue 18,000 Ijumaa hii. Simwiti huyo mwenye duka mwizi, kazi yake ni kununua kwa bei ya chini. Lakini wewe ni mtu wa Kibuye, hili unalijua kuliko mimi. Unapofungua robota la mitumba hufumbi macho ukauza lote kwa bei moja. Unachambua, kamera, yaani zile bora, unaiweka kando kwa mteja wake, fagia, yaani mabaki, unaimwaga chini watu wajichagulie. Huyo bwana anataka robota lako likiwa limefungwa, ili kamera aitoe yeye. Mwambie hivi kwa heshima: "Nachambua kwanza, kitakachobaki nitakuletea uangalie." Usimfukuze, utamhitaji mwishoni.

Kabla ya kuuza chochote kingine, malizana na mtu wa Bungoma. Najua inauma kurudisha pesa ambayo pengine huna kosa nayo. Lakini nikuulize kama mtu mwenye kibanda: ile CD uliijaribu kabla ya kuituma? Ulipiga picha ya upande wa chini? Kama hukufanya hivyo, huna jibu la kumpa, na katika mnada wa watu wasioonana, asiye na ushahidi ndiye anayebeba hasara. Mwandikie pale pale kwenye kikundi, mbele ya wote waliosoma malalamiko yake, maneno mafupi: "Ndugu, rudisha CD kwa basi, nauli nitalipa mimi. Nikiipokea tu, nitakutumia 1,500 yako yote. Samahani kwa usumbufu." Usiongeze neno la kujitetea. Pesa ikishafika kwake, muombe aandike kwamba mmemalizana. Hiyo 1,500 itakurudia, kwa sababu watu watakaotaja bei wiki ijayo ni hao hao wanaosoma ugomvi wenu leo.

Kuhusu kijana wa dada yako, nitasema bila kuzunguka. Kumweka mtu wako ataje bei ya uongo ni udanganyifu, hata kama nia yake ilikuwa kukusaidia. Kwenye eBay, lile soko la minada la mtandaoni, ni marufuku, na akaunti hufungwa kwa ajili yake. Kwenye kikundi cha Kisumu hakuna wa kukufungia akaunti, ila watu wanajuana, na umeona matokeo: wanunuzi halali waliofika 21,000 wakaondoka. Elfu ishirini na moja, mpwa wangu! Ulizipoteza kwa kutafuta elfu moja zaidi. Kama kuna bei ambayo chini yake hutauza, ifanye iwe bei ya kuanzia, au andika wazi kwamba kima cha chini ni kiasi fulani. Hakuna anayechukia hilo.

Sasa siri ya mnada, kwa kuwa umeiuliza. Mimi niliuza gemu zangu Nakuru kwa njia hii kwa miaka kadhaa, nikala hasara mwanzoni, na jambo lililonifungua macho ni hili: bei ya mnada haiamuliwi na mtu anayekitaka kitu zaidi ya wote. Inaamuliwa na wa pili wake. Pale eBay utaratibu uko hivi: mnunuzi anaandika kimya kimya kiwango chake cha mwisho, tuseme euro 40. Mfumo haumwonyeshi mtu. Unampandishia kidogo kidogo kila mwingine anapotaja bei, na wa pili akiishia 22, yeye analipa 22 na hatua moja ndogo juu yake, basi. Kwenye kikundi chenu watu wanataja kwa mdomo lakini hesabu ni ile ile. Kwa hiyo kabla hujanadi kitu jiulize: kuna watu wawili, hapa hapa, ambao kila mmoja atasikitika akikikosa? Kama yupo mmoja tu, mnada utakuumiza. Kitu hicho kiuze kwa bei moja iliyoandikwa.

Ndiyo maana karo usiitafutie kwenye mnada. PS4 ni mashine inayojulikana, bei yake kila mtu anaijua au anaiuliza kwa dakika mbili. Angalia kwenye tovuti ya Jiji na kwenye Marketplace ya Facebook wenzako wanauzaje iliyo sawa na yako, kisha kumbuka kwamba bei inayoombwa si bei inayolipwa. Tangazo lililokaa miezi miwili limekaa kwa sababu bei yake imekataliwa. Weka yako chini kidogo ya hayo yaliyokaa, pamoja na pedi mbili na nyaya zake zote, bei moja, isiyo na mnada. PS4 moja, na ile PS3 iliyonusurika stejini, ziende kwa njia hiyo wiki hii. Nimesema PS4 moja. Ile ya kijana nitaijia.

CD za mpira zitakuvunja moyo kidogo. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, toleo jipya hutoka, na siku hiyo la mwaka uliopita huporomoka. FIFA 23 ndiyo ya mwisho kwa jina hilo, tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Mtu anayetafuta FIFA 17 ili acheze na watu wa mtandaoni hayupo. Lakini kuna mtu anayeitaka, na wewe unamfahamu: mwenye kibanda mwenzake marehemu. Kibandani watu wawili wanakaa benchi moja wanashika pedi, hawahitaji intaneti wala kikosi cha msimu huu. Nyalenda, Manyatta, Obunga, hata Kakamega na Busia, vibanda vipo. Zifunge mafungu ya tano tano au sita sita, za mashine moja pamoja, uwauzie wao moja kwa moja. Za PS3 zifungie na PS3 yenyewe, maana CD ya PS3 haiingii PS4 na aliye na PS3 leo anataka vyote kwa pamoja. Za PS4 zina uhai mrefu zaidi kwa kuwa PS5 yenye sehemu ya CD inazicheza. Hilo liandike kwenye tangazo, wengi hawajui.

Kitakachokupa mnada mzuri ni zile zisizo za mpira: za hadithi, za kupigana, za magari, za kutisha. Humo ndimo watu wawili hugombana. Zinadi moja moja, au mbili tatu za mfululizo mmoja. Kabla hujaandika bei, fungua eBay, tafuta jina la gemu na mashine yake, kisha chagua kuonyeshwa zilizokwisha kuuzwa tu. Bei zinazotokea hapo zililipwa kweli. Hazitakuwa bei za Kisumu, lakini zitakuonyesha ipi kati ya CD zako sabini ni kamera na ipi ni fagia. Kuna moja utakayodhani ni takataka kwa sababu hujawahi kuisikia, na ndiyo watu wanayoitafuta.

Za PS2 zigeuze chini uangalie. Halisi huwa na rangi ya fedha, au buluu kwa zile chache zilizotoka kwenye CD za kawaida badala ya DVD. Ukiona zambarau na jina limeandikwa kwa kalamu juu, hiyo ni nakala iliyochomwa. Usiinadi, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inakukataza, na mnunuzi akigundua utarudi kwenye kesi ya Bungoma. Halisi zina namba pembeni ya kava na juu ya CD yenyewe: ikianza na SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani. PS2 ambayo haijafunguliwa na fundi haichezi ya bara lingine, kwa hiyo namba hiyo iandike kwenye maelezo.

Sasa usafi. Tafadhali usiruhusu mtu akusugulie CD kwa dawa ya meno. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo. CD za PS3 na PS4 ni Blu-ray, na tabaka lenye data liko sehemu ya kumi ya milimita tu chini ya uso. Watengenezaji waliupa uso huo ngozi ngumu ili usikwaruzike, na ukianza kuusugua unaimaliza ngozi hiyo na kilicho chini yake. DVD za PS2 ni tofauti, data yake imelala katikati, zaidi ya nusu milimita ndani, hivyo fundi mwenye mashine anaweza kuzing'arisha. Wewe chukua kitambaa laini kikavu, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuzungusha ndiko kunakoleta mikwaruzo inayofuata njia ya data.

Kisha ijaribu. Kila moja. Kuona picha ya mwanzo hakutoshi, ile ya Bungoma bila shaka ilifika hapo. Cheza mpaka gemu imepakia sehemu ya pili, dakika kumi au kumi na tano. Mpe kijana wako kazi hiyo na umlipe kitu, ana mikono inayojua na wewe una mitumba ya kuuza. Aangalie pia kama CD iliyo ndani ndiyo iliyoandikwa kwenye kava. Kibandani huchanganyika.

Picha ile moja ya kitandani ndiyo iliyokugharimu zaidi, zaidi hata ya kijana wa dada yako. Mnunuzi haoni mikwaruzo, haoni kava zipi zipo, hajui mashine inawaka. Na kila shaka unayomwachia mnunuzi, anaikata kwenye bei. Asipojua kama pedi zinafanya kazi atahesabu kwamba hazifanyi. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi: kava mbele, kava nyuma, CD upande wa chini ukiiinamisha mpaka mwanga uteleze juu yake na mkwaruzo ujionyeshe. Ndiyo, mkwaruzo uonyeshe wewe mwenyewe. Mtu akiuona kwako anaamini na yale mengine. Maelezo yawe kama haya:

"Grand Theft Auto V, PS4. Kava lipo, ramani ya karatasi haipo. Mkwaruzo mmoja mwembamba karibu na ukingo, ona picha ya tatu. Imejaribiwa jana dakika ishirini, haikukwama. Niko Kisumu. Unaweza kuja kuiona ikichezwa kabla ya kulipa, au natuma kwa basi. Isipofanya kazi niambie ndani ya siku tatu, uirudishe, pesa yako narudisha."

Soma hayo halafu usome tangazo lako la kwanza, utaona ni nani mtu atampa pesa. Hizo siku tatu usiziogope. Ukiwa umeijaribu na una picha ya kila mkwaruzo na video fupi ya kuifunga, anayekuletea CD iliyokwaruzwa upya unamwonyesha picha. Kama gemu ilikuja na msimbo wa kupakua vitu vya ziada, sema kwamba umeshatumika, kwa sababu hutumika mara moja tu.

Saa sita usiku haifai kufunga mnada. Wanaotaka kweli wamelala, waliobaki macho wanasubiri ukosefu wa ushindani. Funga saa tatu usiku, siku za mwisho wa mwezi au siku mbili tatu za mwanzo, mshahara ukiwa umeingia. Angalia ratiba ya mpira kwanza: Gor na Ingwe wakikutana, au kukiwa na mechi kubwa ya Uingereza, wateja wako wote wako kwenye skrini nyingine. Siku tatu zinatosha kwa kikundi chenu. Tangaza sheria mapema, kabla ya bei ya kwanza: hatua ni shilingi 100, na mtu akitaja bei katika dakika tano za mwisho, mnada unaendelea dakika tano tangu bei hiyo. Pale eBay saa ikigonga imegonga, kwa hiyo wajanja hungoja sekunde za mwisho kabisa. Wewe unafunga kwa mkono, huna sababu ya kuwapa nafasi hiyo.

Usianzie bei ya chini sana. Wenye maduka makubwa ya nje huanzia euro moja kwa sababu wanaotazama ni maelfu, watu wawili hawakosekani. Kikundi chenu kikiwa na watu ishirini walio macho jioni hiyo, 500 inaweza kuwa ndiyo bei ya mwisho. Anza na ile ambayo mtu mmoja akiitaja na wote wakanyamaza, bado utalala usingizi.

Malipo. Ujumbe halali wa M-Pesa huingia chini ya jina MPESA, kwenye mazungumzo yale yale ya jumbe zako zote za nyuma. Ule wa stejini, ukiutazama tena, nadhani utaona ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Lakini usihukumu kwa ujumbe hata kidogo. Piga *334#, tazama salio, ndipo mkono uachie mfuko. Na fungua Pochi la Biashara kwenye laini yako, upokee malipo ya gemu huko. Anayetuma kwa namba ya kawaida anaweza kupeleka ujumbe wake kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba malipo yarudishwe, akidai amekosea namba, ukaanza kusumbuana. Malipo ya Pochi hayarudishwi bila wewe kukubali. Pia yatakusaidia kutochanganya pesa za gemu na za mitumba.

Stejini usiku usirudi tena, hata mtu akisema anasafiri. Tafuta mwenye kibanda aliyekuwa rafiki wa marehemu, mwombe kona yake saa nane mchana. Mnunuzi anakuja, CD inawekwa, inachezwa mbele yake, analipa, salio linaonekana, anaondoka nayo. Hapo hata wewe una shahidi. Kwa wa mbali, malipo kwanza, kisha ofisi ya vifurushi ya basi, risiti unampigia picha siku hiyo hiyo. Ndani ya kava weka kitambaa chembamba CD isitikisike, nje zungushia magazeti mpaka ukitikisa usisikie kitu, kisha boksi gumu. Bahasha ya karatasi ni kwa barua.

Nimefika kwenye kifuko cha Nintendo, na hapa nataka usikimbie. Shemeji yako amesema kweli, ila kuna tundu. Kaseti zilizonunuliwa Ujerumani, nyingine huzungumza Kijerumani tu. Tazama namba kwenye lebo: ikiishia na NOE ni toleo la Ujerumani, ikiishia na EUR mara nyingi ina lugha kadhaa. Kijana wa Milimani hatakulipa vizuri kwa gemu ya maneno mengi asiyoyasoma, lakini Mjerumani wa miaka thelathini na tano aliyeicheza utotoni atalipa, na atagombana na mwenzake. Watu wawili wako Ujerumani. Kwa hiyo zirudi huko.

Kwanza zichunguze, maana kaseti bandia ni nyingi, hasa za Pokémon. Za Game Boy Advance, tazama ndani ya mdomo wa chini penye meno ya shaba: kwenye halisi utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi juu ya meno hayo. Lebo halisi pia huwa na tarakimu mbili zilizogandamizwa, huzioni mpaka uinamishe kwenye mwanga. Meno yasafishe kwa pamba yenye spiriti, usipulize kwa mdomo, mate huleta kutu. Za Pokémon Ruby na Sapphire zikiwaka na kusema betri ya ndani imeisha, usizitupe: saa ya ndani ndiyo imesimama, gemu bado inachezeka na kuhifadhi. Liandike hilo tu.

Kisha zipe mtu wa familia anayesafiri, na shemeji azinadi kwenye eBay ya huko kwa jina lake. Tangu Machi 2023 eBay ya Ujerumani haiwatozi wauzaji binafsi ada ya kuuza, na yeye ana benki na posta ya huko. Azinadi moja moja kwa siku saba, zifungwe Jumapili jioni saa za kwao, watu wakiwa nyumbani. Mwombe akutumie kiungo cha kila mnada siku anapouanzisha. Simshuku shemeji yako. Ukiiona bei ikipanda kwa macho yako hutakuwa na swali la kumuuliza, na undugu utabaki salama. Pesa hiyo usiihesabie karo ya muhula huu, itachelewa.

Kile kitakachosalia, pedi mbovu, CD za mpira zisizo na kava, nyaya, ndicho umpelekee mwenye duka. Fagia ina mnunuzi wake pia.

Sasa PS4 ya kijana. Nadhani najua kwa nini hasemi. Kwenye kila mashine ya kibanda kuna majina, na kwenye hiyo moja bila shaka kuna jina la baba yake na la kwake, na ligi waliyoianza wakiwa wawili, iliyosimama kwenye mechi fulani. Mashine ikiuzwa, hiyo inakwenda. Ukiweza kuishi bila pesa ya PS4 hiyo, muachie. Kama hutaweza, bado kuna njia, na mwambie leo, asisubiri akiogopa.

Nunua flashi ya USB. Kwenye PS4, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya data zilizohifadhiwa za gemu, uchague zilizo kwenye mashine, kisha unakili kwenye USB. Fanya hivyo kwa mtumiaji mmoja mmoja, wa baba na wa mtoto, na CD ya gemu hiyo muibakishe nyumbani. Siku akipata PS4 nyingine, za kwake zitarudi akiingia kwa akaunti yake ile ile. Za baba zitahitaji akaunti ya baba, kwa hiyo tafuteni nywila yake sasa, kwenye simu ya marehemu au daftari la kibanda, kabla hamjafuta chochote. Mkiipata, ingieni muondoe mashine hiyo isiwe ya msingi ya akaunti hizo. Pigeni picha skrini ya jedwali la ligi pia, kwa simu tu.

Hapo ndipo mashine irudishwe upya, itolewe kila jina, iwe kama imetoka dukani. Mnunuzi hapaswi kuwasha na kukutana na jina la mumeo. Kitufe hicho mwache kijana akibonyeze mwenyewe, akiwa tayari, hata kama ni baada ya wiki.